Simu imekwama kwenye nembo: uifomati, utumie programu ya kampuni, au zana ya fundi?

Simu inayowaka, ikaonyesha nembo, ikazima, kisha ikawaka tena na kuonyesha nembo ileile, mara nyingi haijafa. Mwili wake ni mzima. Kilichovurugika ni famwea, ile programu ya msingi inayoiamsha simu kabla hujaona hata saa kwenye skrini. Huvurugika sasisho linapokatika katikati, chaji inapokwisha simu ikijisasisha, au hifadhi inapojaa pomoni hadi mfumo ukakosa pa kuandika. Famwea huweza kuwekwa upya, na kwa simu nyingi kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta na waya wa USB.

Kazi ni kuchagua njia. Ukiuliza barazani hapa Amu, mji wa Lamu, utapewa majibu chungu nzima: ifomati, tafuta laptopu uiflashi mwenyewe (yaani uiwekee famwea upya), mpe fundi, panda basi uende nayo Malindi. Kila jibu lina mahali pake. Ninayalinganisha kwa maswali matatu: njia hii inafuta nini, inadai nini, na ikikwama katikati unatokaje.

Msimamo wangu nausema mapema. Watu wengi huanza na kufomati kwa sababu wanaiona ndiyo njia nyepesi, na kompyuta wanaiogopa. Ukitazama kinachotokea ndani ya simu, mambo yako kinyume. Hifadhi ya simu ya Android imegawanywa vyumba. Kimoja kina mfumo wenyewe. Kingine, kikubwa kuliko vyote, kina vitu vyako: picha, meseji, majina, WhatsApp. Kuna na vyumba vidogo vyenye IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, na vipimo vya redio vya simu hiyo peke yake. Kufomati kunafuta chumba chako tu. Mfumo haukuguswa. Kama mfumo ndio mbovu, umetoa vyombo vyote nje ya nyumba ilhali kinachovuja ni paa. Kompyuta yenye faili sahihi inaweza kufanya kinyume chake: ikaweka mfumo mpya na kukiacha chumba chako kama kilivyo.

Kwa hiyo mwenye picha za harusi ya bintiye ndani ya simu, zisizo na nakala popote, asikubali mtu yeyote agonge "Wipe data" kama hatua ya kwanza. Hiyo iwe ya mwisho.

Kwanza: je, ni famwea kweli?

Kwetu pwani swali hili lina uzito wake. Simu iliyoangukia maji ya bahari haina ugonjwa wa programu. Chumvi inapitisha umeme mahali pasipotakiwa na inakula shaba, na kila unapoiwasha au kuichaji unaiongezea madhara. Simu ya namna hiyo izimwe, ifunguliwe, isafishwe na fundi anayejua kazi ya bodi. Kuiflashi ni kupoteza muda.

Hata simu ambayo haijaona maji hupata athari ya hewa yetu. Chukua tochi, tazama ndani ya tundu la chaji. Ukiona unga mweupe au kutu ya kijani kwenye vile vijino vidogo, jua kwamba waya utashika na kuachia, na kuachia katikati ya kuflashi ndiyo balaa yenyewe. Simu inayochaji mpaka uupinde waya upande mmoja isiunganishwe na kompyuta kwa kazi hii kabla tundu halijasafishwa au kubadilishwa.

Dalili nyingine za ubovu wa mwili: simu inapata moto ikiwa imezimwa, inajizima mahali tofauti kila inapowaka, au, kwa baadhi ya Samsung za zamani, skrini inaandika "mmc_read failed". Maneno hayo yanasema kumbukumbu yenyewe imechoka. Hakuna faili litakaloiponya.

Simu inayofika palepale kila mara, nembo ileile, muda uleule, ndiyo yenye matumaini makubwa na kompyuta.

Kufomati kutoka rikavari

Sina mengi ya kusema hapa. Haidai bando wala programu yoyote. Unaizima simu, unashika kitufe cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti, menyu ya rikavari, yaani ya uokoaji, inatokea. Samsung za kuanzia Android 11 zina sharti dogo ambalo huwasumbua watu: menyu haifunguki mpaka simu iwe imechomekwa kwenye kompyuta kwa waya. Ukiifikia, usikimbilie kufuta. Jaribu kwanza "Wipe cache partition" au, kwenye Samsung, "Repair apps". Zote mbili haziondoi picha zako.

Kufomati kunafaa pale ambapo simu inafika hadi kwenye skrini ya nyumbani lakini inaganda, au programu moja imeivuruga, na vitu vyako vina nakala. Kumbuka pia kwamba tangu Android 5.1 simu iliyofomatiwa kwa njia hii inadai akaunti ya Google iliyokuwamo. Kama anwani na neno la siri umesahau, umejifungia mlango mwenyewe. Nimeona wazee wengi wakinaswa hapo, kwa sababu akaunti ilifunguliwa na kijana wa dukani siku simu iliponunuliwa na hakuna aliyeiandika popote.

iPhone: njia ni moja, vitufe ni viwili

Kwa iPhone hakuna zana za uchochoroni za kulinganisha. Apple inakubali famwea iliyotiwa saini na Apple tu, na huacha kutia saini matoleo ya zamani muda mfupi baada ya jipya kutoka. Unatumia Finder kwenye Mac (kuanzia macOS Catalina ya 2019), au iTunes, au programu iitwayo Apple Devices kwenye Windows.

Uchaguzi wote uko kwenye kisanduku kinachotokea simu ikiwa katika hali ya uokoaji. Kina "Update" na "Restore". "Update" inaweka iOS upya bila kufuta vitu vyako. "Restore" inafuta kila kitu. Gonga "Update" kwanza, kila mara, na "Restore" ingoje mpaka ya kwanza ishindwe. Wako watu wanaogonga "Restore" kwa kuwa neno lenyewe linasikika kama ndilo dawa.

Kuingia katika hali hiyo kwenye iPhone 8 na zilizofuata: chomeka waya, bonyeza na uachie kitufe cha kuongeza sauti, bonyeza na uachie cha kupunguza, kisha shika cha pembeni bila kuachia mpaka ionekane picha ya waya na kompyuta. Nembo ya tufaha ikitokea usiachie, endelea kushika. Kwenye iPhone 7 ni kupunguza sauti pamoja na cha pembeni. 6s na za nyuma, kitufe cha nyumbani pamoja na cha kuwashia.

Kwa intaneti yetu, kizuizi kikubwa ni dakika 15. Upakuaji ukizidi muda huo, simu inatoka yenyewe katika hali ya uokoaji, na mtu anadhani imeshindikana. Haijashindikana. Acha kompyuta imalize kupakua, kisha uiingize simu tena. Faili la iPhone za karibuni ni gigabaiti 6 au zaidi, kwa hiyo mimi napendelea kulipakua kando, kwa utulivu, pale penye Wi-Fi nzuri. Faili hilo huishia na .ipsw. Siku ya kazi unashika Shift kwenye iTunes ya Windows, au Option kwenye Mac, huku ukigonga "Update", na kompyuta itakuuliza faili liko wapi. Intaneti kidogo bado itahitajika, maana Apple huthibitisha kila uwekaji.

Namba za makosa 9, 4005, 4013 na 4014 zina maana kwamba mawasiliano kati ya simu na kompyuta yamekatika. Badilisha waya, badilisha tundu la USB, jaribu kompyuta nyingine. Zikirudi palepale, tatizo liko mwilini.

Na ulinzi wa akaunti ya Apple hauondoki kwa njia yoyote kati ya hizi mbili. Ukiuziwa iPhone ya mkononi iliyokwama kwa bei ya kutupa, muuzaji akisema "ni kuiflashi tu", muulize kama anayo akaunti.

Samsung: Smart Switch na Odin

Hapa ndipo penye uchaguzi wa kweli, na ndizo simu nyingi mikononi mwa watu.

Smart Switch ni programu ya Samsung yenyewe, inapatikana kwenye tovuti yao. Ina kipengele cha uokoaji wa dharura: unaandika modeli na namba ya simu ya kiwandani, programu inatafuta faili sahihi, inalipakua na kuliweka. Huna la kuchagua, kwa hiyo huna la kukosea. Ubaya wake ni miwili: haikubali kila modeli, na uokoaji huo unafuta vitu vyako.

Odin ni zana ya ndani ya Samsung ambayo kampuni haikuitoa rasmi kwa umma, lakini mafundi wa dunia nzima wanaitumia. Inafanya kazi kwenye Windows tu. Kwa mwenye picha za kuokoa, naiweka mbele ya Smart Switch, na sababu ni faili moja dogo. Famwea ya Samsung huja kwa vipande: BL, AP, CP, na kisha viwili vya kuchagua kimoja, CSC au HOME_CSC. Ukiweka CSC, simu inafutwa. Ukiweka HOME_CSC, mfumo wote unabadilishwa na vitu vyako vinabaki. Tofauti ya picha za miaka na simu tupu iko katika neno hilo moja, kwenye kisanduku cha CSC cha Odin. Mwambie hivyo hata fundi unayempelekea, kwa maana wengi huweka CSC kwa mazoea.

Namna yenyewe ni hii. Weka draiva za Samsung, programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuitambua simu, kwenye Windows, fungua Odin, jaza visanduku vinne. Kisanduku cha AP ni kikubwa na Odin huonekana imeganda inapolisoma faili, ingoje. Zima simu, shika vitufe vyote viwili vya sauti, kisha chomeka waya uliokwisha unganishwa na kompyuta. Itatokea skrini ya onyo. Bonyeza cha kuongeza sauti kukubali. Kama simu inajiwasha bila kikomo, shika kupunguza sauti pamoja na cha kuwashia mpaka skrini iwe nyeusi, na papo hapo hamia kwenye vile viwili vya sauti. Kisanduku kidogo cha juu kushoto, ID:COM, kitageuka buluu. Bila rangi hiyo hakuna mawasiliano na hakuna haja ya kugonga "Start". Upande wa "Options" ziwe na tiki "Auto Reboot" na "F. Reset Time" tu. "Re-Partition" na "Nand Erase" usiziguse kabisa. Ikimaliza, inaandika "PASS!" kwa kijani. Ikikwama kwenye "SetupConnection", mara nyingi ni waya au tundu. Rudi kwenye tochi yako.

Mambo mawili ya kuangalia kabla. Modeli iwe ileile herufi kwa herufi: SM-A125F na SM-A125M hazibadilishani mafaili. La pili ni namba ya ulinzi wa butiloda, kile kipande cha famwea kinachoamka kwanza na kuuruhusu mfumo, ambayo ni herufi ya 5 kutoka mwisho wa namba ya toleo. Toleo linaloishia na U3CWB1 lina 3. Simu iliyokwisha fika 3 haitakubali faili la 2, hata likiwa halali kabisa. Itaandika "SW REV CHECK FAIL". Usihangaike kurudi nyuma.

Watu huniuliza kama faili la kupakuliwa tovuti isiyo ya Samsung ni salama. Faili lenyewe lina saini, na simu ambayo butiloda yake imefungwa inalikagua na kulikataa likiwa limechezewa. Ninachokihofia zaidi ni Odin yenyewe, kwa sababu hiyo inaendeshwa kwenye laptopu yako na hakuna anayeikagua. Ipakue pale mafundi wenye sifa wanapoielekeza, uipitishe kwenye kizuia virusi, na kama ni laptopu ya ofisi au yenye hesabu za duka, tumia nyingine. Famwea halali pia haivunji kile kinachoitwa Knox, ulinzi wa Samsung uliomo ndani ya simu. Kinachokivunja ni kuweka mfumo usio wa Samsung.

Na ikikatika katikati? Simu itaonyesha ujumbe wa kuomba irekebishwe kwa Smart Switch. Inatisha kuitazama, lakini mara nyingi bado inaipokea Odin. Rudia tangu mwanzo.

Tecno, Infinix, itel: hapa pole pole

Simu hizi za kundi la Transsion zimejaa mitaani, nyingi zikiwa na chipu ya MediaTek, na baadhi, hasa za bei ya chini, zikiwa na ya Unisoc. Zana ya MediaTek ni SP Flash Tool. Ya Unisoc hutumia faili linaloishia na .pac. Kampuni haimpi mteja wa kawaida programu rahisi kama Smart Switch. Huduma yao rasmi ni Carlcare.

Naomba msomaji atulie hapa kuliko kwingine. SP Flash Tool ina orodha ndogo yenye uchaguzi mitatu: "Download Only", "Firmware Upgrade" na "Format All + Download". Huo wa tatu ndio unaoua simu za watu. Unafuta hifadhi yote, pamoja na kile chumba kidogo chenye IMEI na vipimo vya redio. Simu itawaka vizuri, skrini nzuri, kila kitu kipya, kisha ukiweka laini haishiki mtandao. Ukipiga *#06# hakuna namba za maana. Kwenye orodha ya Wi-Fi linatokea jina la ajabu, "NVRAM WARNING". Hakuna M-Pesa, hakuna kupiga wala kupigiwa. Umebaki na kitabuleti kidogo.

Kurudisha IMEI ni kazi ya wenye zana maalumu, na sheria ya mawasiliano ya Kenya inakataza mtu asiyeruhusiwa na mtengenezaji kubadilisha namba hiyo. Kwa hiyo kinga ni kuchagua "Download Only" na kutoka hapo. Ondoa tiki kwenye "userdata" kama unataka kunusuru vitu vyako, ingawa kwa simu mpya zenye usimbaji hakuna wa kukuhakikishia kwamba vitafunguka. Ondoa tiki pia kwenye "preloader", kwa kuwa preloader isiyo yake huifanya simu isiwake hata nembo. Na modeli za karibuni zimefungwa: zinadai faili la idhini ambalo mtu wa nyumbani hana.

Ukinilinganishia Odin na SP Flash Tool kwa mtu anayeanza, jibu langu ni wazi. Mwenye Samsung, akiwa na subira na faili sahihi, anaweza kuifanya mwenyewe nyumbani Langoni. Tecno au Infinix, ampe mtu aliyekwisha izoea modeli hiyohiyo.

Redmi na Pixel

Kwa Redmi na ndugu zake wa Xiaomi, njia ya kompyuta kupitia Mi Flash inataka butiloda iliyofunguliwa. Kuifungua kunaombwa simu ikiwa hai, kwa kawaida na kungoja siku kadhaa, na kunafuta kila kitu. Simu iliyokwisha kwama na butiloda iliyofungwa haina nafasi hiyo. Kama yako ilifunguliwa zamani, tazama chini kabisa ya dirisha la Mi Flash: uchaguzi unaokuja wenyewe ni "clean all and lock". Simu iliyotengenezwa kwa soko la China ikawekewa famwea ya dunia kisha ikafungwa hivyo, inakataa kuwaka. Chagua "save user data" au "clean all".

Pixel ni chache huku. Mwenye nayo ana bahati: Google wanatoa mafaili yote wazi, na lile la OTA kamili, yaani la sasisho zima, linawekwa kwa rikavari na amri ya kompyuta iitwayo adb sideload, bila kufungua butiloda na bila kufuta picha.

Umeme, bando na laptopu

Ushauri mwingi unaotoka mijini mikubwa unachukulia kwamba umeme upo na intaneti ni ya kumwagika. Kwetu umeme hukatika bila taarifa. Kati ya kompyuta ya mezani yenye skrini kubwa na laptopu kuukuu yenye betri inayoshika hata saa moja, chukua laptopu. Simu yenyewe iwe na chaji zaidi ya nusu. Kukatika wakati AP inaandikwa kunarekebishika. Kukatika wakati kipande cha BL kinaandikwa ndiko kunakoweza kuifanya simu isitoe hata mwanga.

Faili la Samsung ni gigabaiti kadhaa, kutegemea modeli, na ukilifungua linachukua nafasi nyingine kubwa kwenye diski. Ukilipakua kwa bando la simu kupitia hotspoti, bando linaweza kukata asilimia chache kabla ya mwisho na faili likawa bovu. Odin italikataa, lakini bando halirudi. Tumia programu ya kupakua inayoweza kuendelea ilipoachia, na fanya usiku mtandao ukiwa mwepesi. Kama wewe ni wa Siyu au Faza, kisiwani Pate, na unakuja Amu mara kwa mara, pakua hapa mjini kwenye Wi-Fi ya mtu unayemjua, weka kwenye flashi ya USB, ukafanye kazi nyumbani bila kuhitaji mtandao. Odin na SP Flash Tool haziombi intaneti wakati wa kuweka. iPhone na Smart Switch zinaiomba. Kwa mtu wa Pate tofauti hiyo ni kubwa.

Fundi wa hapa au wa Malindi?

Kutoka Amu ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen, zaidi ya kilomita 200 kabla ya kufika Malindi. Safari hiyo sioni sababu ya kuifanya kwa Samsung inayotaka Odin tu. Vijana wenye vibanda hapa Amu wanaiweza, nawe ukiwa na faili mkononi kazi ni fupi zaidi. Naiona ya maana kwa mambo matatu: simu ya MediaTek au Unisoc iliyofungwa inayodai zana za kulipia, zile wanazoziita boksi, simu iliyopoteza mtandao baada ya kuflashiwa vibaya, na bodi iliyoliwa na chumvi inayotaka darubini na hewa ya moto. Kama simu bado ina dhamana, peleka kwenye kituo cha kampuni yake kabla mtu yeyote hajaigusa.

Simu za kulipia kidogo kidogo zina hali yake. Zimefungwa na mkopeshaji, na kufuli hilo linasubiri ukishawasha mtandao. Kuiflashi hakuliondoi, na aliyekuahidi vinginevyo anaiweka simu hatarini pamoja na mkataba wako. Piga simu kwa aliyekukopesha.

Ukifika kwa fundi, muulize kabla hujamkabidhi: "Fundi, utaweka faili lipi, na litafuta au halifuti?" Fundi mzuri hachukii swali hilo. Atakuonyesha modeli kwenye skrini ya kompyuta na atakwambia waziwazi kama picha ziko hatarini. Akijibu "nitaiflashi tu, mama, usijali", sema unataka HOME_CSC, au "Update", au "Download Only" bila tiki ya "userdata", kulingana na simu yako. Toa laini na memori kadi uende nazo. Andika IMEI kutoka kwenye boksi la simu, tarakimu 15. Boksi likipotea, iko pia kwenye akaunti yako ya Google katika ukurasa wa kutafuta simu. Meseji za M-Pesa zikifutika, taarifa za miamala zinapatikana kwa *334#, na pesa zenyewe hazimo ndani ya simu.

Simu ikiwaka, usiondoke kibandani bado. Mara ya kwanza huchukua dakika kadhaa kwenye nembo. Hilo ni la kawaida, wala fundi asiilazimishe kuzima. Kisha piga *#06# ulinganishe na namba uliyoandika. Weka laini, piga simu moja, upigiwe moja. Washa Wi-Fi na Bluetooth. Fungua kamera. Chomeka chaji utazame kama inapanda. Yote yakiwa sawa, mlipe.